Nyasi za bustani ya nyumbani

Nyasi za bustani ni nyasi fupi zinazopandwa kuzunguka nyumba ili kufunika udongo, kuzuia vumbi na matope, kupendeza macho na kutoa mahali pa kukaa au pa kuchezea watoto. Nyingi ni spishi za familia Poaceae zinazotambaa na kuvumilia kukatwa mara kwa mara. Katika Afrika ya Mashariki zinazojulikana zaidi ni ukoka (Cynodon dactylon), nyasi za Kikuyu (Cenchrus clandestinus) na nyasi za Pemba (Stenotaphrum dimidiatum). Katika bustani ndogo, yaani eneo lisilozidi mita za mraba mia moja hivi, mara nyingi si lazima kupanda nyasi kila mahali. Mimea mingine inayotambaa, mboga za majani, changarawe au uwanja wa udongo unaofagiliwa huweza kufanya kazi hiyohiyo kwa maji na jasho kidogo zaidi.

Uchaguzi hutegemea hasa mambo manne: mwinuko wa mahali juu ya usawa wa bahari, kiasi cha kivuli, maji yanayopatikana wakati wa kiangazi, na idadi ya miguu itakayopita hapo kila siku. Rangi na ulaini wa nyasi, ambavyo ndivyo wanunuzi wengi huviangalia kwanza, vinakuja baada ya hayo. Nyasi zilizopendeza kwenye hoteli ya ufukweni hutunzwa na wafanyakazi wa kudumu na pampu ya maji. Zikipelekwa kwenye nyumba inayopata maji ya bomba siku mbili kwa wiki zinaweza kufa katika msimu mmoja.

Jinsi nyasi zinavyovumilia kukatwa

Mimea mingi hukua kutoka kwenye ncha za matawi yake. Ncha ikikatwa, tawi husimama mpaka chipukizi jingine litokee kando. Jani la nyasi hukua kutoka chini, karibu na udongo, kwa hiyo ncha yake ikiliwa na mbuzi au ikikatwa kwa mashine jani huendelea kurefuka. Ndiyo sababu malisho na bustani za nyasi zinawezekana.

Nyasi za bustani za nchi za joto huenea kwa mashina yanayotambaa. Mengine hutambaa juu ya ardhi na kutoa mizizi kila kwenye kifundo. Mengine hupita chini ya udongo. Nyasi za Pemba zina mashina ya juu tu. Ukoka na nyasi za Kikuyu zina aina zote mbili, na hili hueleza mambo mawili kwa pamoja: zinapona haraka zikikanyagwa au kukauka, na ni vigumu sana kuziondoa zikiingia kwenye tuta la mboga.

Wataalamu hugawa nyasi katika nyasi za baridi na nyasi za joto kufuatana na namna zinavyofanya usanisinuru. Nyasi za baridi ndizo zinazopandwa Uingereza na Ulaya ya Kaskazini. Mbegu zake huuzwa pia madukani Afrika ya Mashariki kwenye paketi zenye picha nzuri, lakini katika joto la pwani huota kwa wiki chache, halafu hunyauka. Mnunuzi anapaswa kusoma jina la kisayansi kwenye paketi. Majina Lolium, Poa na Festuca ni ya nyasi za baridi.

Historia

Kabla ya wakati wa ukoloni nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki hazikuwa na nyasi kuzizunguka. Uwanja wa nyumba ulikuwa wa udongo mtupu, ulioshindiliwa kwa miguu na kufagiliwa kila asubuhi. Nyasi zilizokaribia nyumba zilifyekwa, maana zilificha nyoka, zilileta kupe na ziliweza kuleta moto wakati wa kiangazi. Katika nyumba za Waswahili za mijini kazi nyingi za nyumbani, kama kupika, kufua na kuanika, zilifanyika uani, nyuma ya nyumba, ambako nyasi zingekuwa kero. Desturi ya uwanja wa kufagia ilivuka bahari pia: iliendelea kwa muda mrefu kati ya Wamarekani wenye asili ya Afrika katika majimbo ya kusini ya Marekani.

Nyasi zilizokatwa fupi kama pambo la nyumba zilipata umaarufu katika majumba ya matajiri wa Uingereza na Ufaransa kuanzia karne ya 17. Zilikatwa kwa miundu mirefu au kuliwa na kondoo, na kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji watu wengi, uwanja mkubwa wa nyasi fupi ulikuwa tangazo la utajiri. Mwaka 1830 Mwingereza Edwin Beard Budding, fundi kutoka eneo la Stroud, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukata nyasi. Wazo lake lilitokana na mashine zilizotumika viwandani kunyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu. Tangu hapo hata mtu wa kipato cha kati aliweza kuwa na nyasi fupi mbele ya nyumba.

Maofisa na walowezi wa kikoloni walileta mazoea hayo katika mitaa yao ya Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine, pamoja na viwanja vya gofu na kriketi. Baada ya uhuru yakaenea katika nyumba za wenyeji wenye viwanja vilivyopimwa. Wakati huohuo safari ya nyasi ilikwenda pia upande wa pili: nyasi za nyanda za juu za Kenya na nchi jirani zilipelekwa Australia, Afrika Kusini, Hawaii na Kalifornia, ambako leo zinajulikana kuliko zinavyojulikana kwao.

Kuchunguza mahali

Kabla ya kununua chochote, bustani inapaswa kuangaliwa mara tatu katika siku moja: asubuhi, adhuhuri na jioni. Sehemu inayopata jua moja kwa moja kwa saa zisizopungua sita inaweza kupandwa ukoka. Sehemu inayopata saa tatu au nne inafaa nyasi zinazovumilia kivuli. Chini ya mwembe mkubwa au mkungu, ambako jua haliingii na majani huanguka mwaka mzima, hakuna nyasi itakayodumu. Watu hupanda upya hapo kila mwaka kwa sababu nyasi huonekana nzuri kwa miezi miwili ya mwanzo, zikitumia akiba iliyo ndani ya mashina yake.

Udongo wa nyumba mpya ni tatizo la pekee. Mafundi wanapochimba msingi hutoa udongo wa chini, mgumu na usio na rutuba, na kuutandaza juu ya ule mzuri. Ndani yake hubaki vipande vya matofali, misumari na mabaki ya saruji. Chokaa ya saruji hufanya udongo uwe na alkali, na majani huwa ya njano hata yakipewa mbolea. Kuondoa kifusi na kuleta tabaka la sentimita kumi la udongo mzuri kunaweza kugharimu kuliko nyasi zenyewe, lakini mwenye fedha za jambo moja tu ni heri aanze na udongo.

Maji ndiyo yanayoamua. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyasi za mita za mraba 50 zikipewa milimita 20 kwa wiki wakati wa kiangazi zinahitaji lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, kila wiki. Katika mji ambako maji hununuliwa kwa madumu au kwa lori, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kupanda. Ukoka unaweza kuachwa ukauke na kuwa wa kahawia. Mashina yake hubaki hai na kuchipua mvua za vuli zinapoanza. Anayekubali bustani ya kahawia kwa miezi miwili au mitatu ameokoa sehemu kubwa ya gharama.

Karibu na bahari maji ya visima mara nyingi huwa na chumvi. Maji hayo huchoma mimea mingi ya mapambo. Nyasi za Pemba huvumilia chumvi ya wastani, na Paspalum vaginatum huvumilia kuliko nyasi nyingine zote za bustani. Maji yaliyotumika kufulia yanaweza kumwagwa kwenye nyasi mara mojamoja, lakini sabuni ya unga ina sodiamu inayoharibu muundo wa udongo, na maji yenye dawa ya kuondoa madoa yasitumike kabisa.

Ukoka

Ukoka hupatikana karibu kila mahali penye joto duniani, na hukua wenyewe kando ya barabara, kwenye malisho na viwanjani. Nchini India unaitwa durva na hutumika katika ibada za Wahindu, hasa za kumwabudu Ganesha. Majani yake ni membamba na rangi yake ni ya kijani chenye kijivu kidogo. Hustahimili jua kali, ukame, kukanyagwa na udongo wa aina nyingi, kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu. Udhaifu wake mkubwa ni kivuli: chini ya miti na kando ya kuta ndefu huwa mrefu na dhaifu, kisha hupotea.

Kwa familia yenye watoto wanaocheza mpira ukoka ndio chaguo la kawaida, na mara nyingi haununuliwi. Vipande huchukuliwa kwa jirani au shambani. Hata hivyo ukoka wa porini hutofautiana sana. Mwingine hukaa chini na kufunga vizuri, mwingine hurefuka na kuacha mapengo. Inafaa kuchagua ule unaokua mahali panapokanyagwa.

Kuna pia ukoka chotara, uliopatikana kwa kuchanganya Cynodon dactylon na Cynodon transvaalensis ya Afrika Kusini. Aina maarufu, Tifway, ilitolewa mwaka 1960 kutoka kituo cha utafiti cha Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani. Hautoi mbegu zinazoota, hivyo huenezwa kwa vipande tu. Hutumika kwenye viwanja vya mpira na gofu. Unapendeza sana, lakini unataka kukatwa mara nyingi na mbolea ya mara kwa mara. Kwa nyumba ya kawaida ni mzigo.

Nyasi za Kikuyu

Asili ya nyasi hizi ni nyanda za juu za Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania ya kaskazini na mashariki ya Kongo, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 hadi 3,000. Jina limetokana na nchi ya Wakikuyu nchini Kenya. Mtaalamu wa mimea Mwitalia Emilio Chiovenda alizieleza mwaka 1903 kwa jina la Pennisetum clandestinum. Neno clandestinum, yaani "iliyofichika", linahusu maua yake, ambayo hubaki ndani ya ala ya jani hata mtu hudhani hazitoi maua. Tangu mwaka 2010 spishi hii imewekwa katika jenasi Cenchrus.

Ni nyasi laini, nene, za kijani kibichi, na hufunika ardhi haraka kuliko ukoka. Nairobi, Limuru, Nakuru, Mbeya na miji mingine yenye ubaridi hustawi bila shida kukiwa na mvua. Pwani hazifai: joto huzidhoofisha. Majani yaliyokatwa ni chakula kizuri cha ng'ombe na sungura, mradi hayajapigwa dawa. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za nyanda za juu bustani na lishe ya mifugo huenda pamoja.

Kasi yake ndiyo tatizo lake. Wakati wa masika zinaweza kutaka kukatwa kila wiki, na zisipokatwa hujenga zulia la mashina makavu lenye unene wa sentimita kumi au zaidi, linalozuia maji kufika chini. Hupanda juu ya ua, huingia kwenye matuta na kupita chini ya ngazi za mlango. Kwenye bustani ndogo yenye mboga ni lazima kuweka mpaka: safu ya matofali iliyozikwa sentimita 20 hadi 30 chini, au mfereji mdogo unaosafishwa kwa jembe.

Nyasi za Pemba

Stenotaphrum dimidiatum ni ya pwani za Bahari Hindi, kuanzia Afrika ya Mashariki na Madagaska hadi Asia ya Kusini. Hufanana sana na dada yake Stenotaphrum secundatum, inayopandwa kwa wingi Florida na Australia. Majani yake ni mapana, yenye ncha butu kama mashua, na mashina yake ni manene. Kuzitembelea peku ni kama kukanyaga zulia gumu. Wanaopenda nyasi laini hawazipendi.

Kwa pwani zina faida ambayo ukoka hauna: huvumilia kivuli cha wastani, mchanga na upepo wa chumvi. Chini ya minazi, ambako jua hupenya kati ya makuti, hustawi vizuri kabisa. Hazivumilii kukatwa fupi mno wala ukame mrefu, kwa kuwa hazina mashina ya chini ya ardhi ya kujificha. Zikikauka kabisa hazirudi. Kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kuzidhibiti kuliko nyasi za Kikuyu.

Nyasi nyingine

Paspalum vaginatum hutumika pwani na katika nchi za Ghuba, ambako bustani humwagiliwa kwa maji yaliyosafishwa au yenye chumvi. Axonopus compressus, yenye asili ya Amerika ya tropiki, ina majani mapana na hufaa mahali penye mvua nyingi, kivuli na udongo wenye asidi. Spishi za Zoysia kutoka Asia ya Mashariki hukua polepole sana. Anayezipanda husubiri mwaka au zaidi zifunge, lakini baadaye hukata mara chache.

Mimea mbadala

Arachis pintoi ni jamaa wa karanga anayetambaa na kutoa maua madogo ya njano karibu mwaka mzima. Ilikusanywa mwaka 1954 na Geraldo Pinto katika jimbo la Bahia, Brazili, na ilipewa jina lake. Kama jamii nyingine za kunde, mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaotwaa nitrojeni hewani, kwa hiyo haihitaji mbolea ya nitrojeni. Huvumilia kivuli chepesi na haina lazima ya kukatwa. Inaweza kupitiwa mara mojamoja, ila si uwanja wa mpira. Maua yake huvuta nyuki, jambo zuri kwa miti ya matunda na baya kwa mtoto anayetembea peku.

Katika maeneo ya ubaridi hutumika Dichondra repens, mmea mdogo wa majani ya mviringo ulio katika familia moja na viazi vitamu. Ophiopogon japonicus hufanana na nyasi fupi nyeusi-kijani lakini si nyasi. Hupandwa kwenye kivuli kizito na kati ya mawe ya njia. Kwenye udongo wenye chumvi Phyla nodiflora hutambaa bila kukatwa. Dawa za kuua magugu ya majani mapana, ambazo haziui nyasi, huua mimea hii ya majani mapana, kwa hiyo magugu yake hung'olewa kwa mkono.

Mbadala unaosahaulika katika vitabu vya bustani ni viazi vitamu vyenyewe. Mahali pasipopitwa, hasa mteremko ulio nyuma ya jiko, matembele hufunika udongo kwa majuma machache, huzuia mmomonyoko na huliwa. Maboga hufanya vivyo hivyo. Kwenye ukingo wa mteremko mchaichai au vetiva (Chrysopogon zizanioides) huzuia udongo vizuri kuliko nyasi fupi yoyote, kwa sababu mizizi yake huenda chini sana.

Kuacha ardhi bila nyasi

Uwanja wa kufagia bado ni suluhisho halali. Haugharimu maji, nyoka huonekana mapema, na nafaka na nguo huanikwa bila unyevu. Kasoro yake ni mmomonyoko: kila ufagio huondoa udongo kidogo, na baada ya miaka mingi msingi wa nyumba huanza kuonekana. Hili hupunguzwa kwa kuacha ukanda wa nyasi au mchaichai upande wa chini wa uwanja, maji yanapotokea.

Changarawe na kokoto zinafaa mahali pa magari na chini ya matone ya paa. Hupata joto kali mchana na hulirudisha kwenye kuta jioni, hivyo si vizuri kuzitandaza chini ya madirisha ya vyumba vya kulala. Matofali ya saruji ya kutandaza, yanayoitwa pevingi Tanzania na kabro Kenya, hupeleka maji ya mvua barabarani na kwa jirani. Kwenye mitaa yenye mafuriko kila nyumba inayosakafia uwanja wake wote huongeza tatizo. Matofali yenye matundu yaliyojazwa udongo na ukoka hubeba gari na bado hunyonya maji.

Nyasi bandia zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipotandazwa katika uwanja wa Astrodome mjini Houston. Uwanja huo ulikuwa na paa la plastiki angavu. Wachezaji walilalamikia mwanga mkali, paa likapakwa rangi, na nyasi halisi zikafa kwa kukosa jua. Hazihitaji kukatwa wala kumwagiliwa, lakini ni plastiki. Kwenye jua la adhuhuri uso wake unaweza kuzidi nyuzijoto 60, haziwezi kukanyagwa peku, na baada ya miaka kadhaa huwa takataka isiyooza. Zinaeleweka kwenye roshani yenye kivuli. Kwenye uwanja wazi wa Dar es Salaam au Mombasa ni vigumu kuzitetea.

Katika nchi kame hoja ya maji imefika bungeni. Mwaka 2021 jimbo la Nevada, Marekani, lilipitisha sheria ya kuondoa katika eneo la Las Vegas nyasi za mapambo zisizotumiwa na mtu yeyote, kama zile za kando ya barabara na za ofisi, kabla ya mwaka 2027. Nyasi za nyumba za familia moja hazikuhusishwa, lakini wenye nyumba hulipwa wakikubali kuziondoa kwa hiari.

Kupanda

Wakati bora ni mwanzo wa masika au wa vuli, mvua zikishatulia. Udongo hulimwa kwa kina cha sentimita 15, mawe na mizizi ya magugu huondolewa, na samadi iliyooza vizuri huchanganywa. Samadi mbichi huleta mbegu za magugu. Ardhi husawazishwa ikiwa na mteremko mdogo unaotoka kwenye nyumba, ili maji yasielekee msingini.

Njia nafuu ni vipande vya mashina, kila kimoja kikiwa na vifundo viwili au vitatu, kimoja au viwili vikiwa chini ya udongo. Kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande huhitajika vipande 44 hivi kwa mita ya mraba, yaani kama 2,200 kwa mita 50 za mraba. Gunia moja au mawili ya mashina huweza kutosha yakikatwa vizuri. Ardhi hukanyagwa kidogo ili mizizi ishikane na udongo, kisha humwagiliwa kila siku kwa wiki mbili. Mikeka ya nyasi iliyokatwa tayari hutoa bustani kwa siku moja, kwa bei kubwa, na huja na udongo wa watu wengine, pamoja na chochote kilichomo.

Kilichomo mara nyingi ni ndago (Cyperus rotundus). Hufanana na nyasi, lakini shina lake likiviringishwa kati ya vidole huonekana kuwa na pembe tatu. Vitunguu vyake vidogo hukaa chini ya udongo kwa minyororo, na shina likivutwa hukatika na kuviacha. Machipukizi yake hutoboa hata karatasi ya nailoni iliyotandazwa chini ya changarawe. Kwa hiyo mikeka hukaguliwa upande wa chini kabla ya kulipiwa, na uwanja wenye ndago huchimbuliwa mara mbili au tatu, kwa nafasi ya wiki kadhaa, kabla ya kupandwa. Muda huo unaoonekana kupotea hurudi baadaye.

Utunzaji

Ukoka hukatwa kwa urefu wa sentimita 2.5 hadi 4, nyasi za Kikuyu 3 hadi 5, na nyasi za Pemba 5 hadi 7. Kanuni inayofuatwa ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Nyasi zilizoachwa zikawa ndefu, kisha zikanyolewa mpaka chini, huonyesha mashina ya njano na kuchomwa na jua. Kwa mita za mraba 20 au 30 mkasi mkubwa wa bustani au fyekeo linatosha, mradi lina makali. Mashine ya umeme au petroli si lazima. Majani yaliyokatwa, yakiwa mafupi, yaachwe hapohapo kwani huoza na kurudisha nitrojeni.

Mbolea ya samadi mara moja au mbili kwa mwaka hutosha bustani nyingi. Mbolea za viwandani kama urea na CAN hutiwa kidogo kidogo kwenye udongo wenye unyevu na kumwagiliwa mara moja. Zikibaki juu ya majani huyachoma. Kumwagilia maji mengi mara moja au mbili kwa wiki ni bora kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni, kwa sababu mizizi hufuata maji chini.

Wadudu na nyoka

Mvua zinapoanza, viwavijeshi (Spodoptera exempta) huweza kumaliza bustani ya ukoka au ya nyasi za Kikuyu kwa siku chache. Hula nyasi na nafaka tu. Mimea kama Arachis pintoi huachwa. Mashina yakiwa hai nyasi huchipua tena, kwa hiyo katika bustani ndogo dawa si lazima kila mara. Katika nyanda za juu fuko huinua vichuguu vya udongo, na katika maeneo makavu mchwa hula majani yaliyokauka.

Imani kwamba nyasi fupi huzalisha mbu si sahihi. Viluwiluwi vya mbu huishi majini: kwenye makopo, matairi, mapipa yasiyofunikwa na madimbwi. Nyasi ndefu huweza kuwapa mbu wazima mahali pa kupumzikia mchana na huwapa nyoka maficho, na hiyo ni sababu ya kuzikata, hasa karibu na milango na kwenye njia ya kwenda chooni usiku.

Spishi vamizi

Mimea inayofunika ardhi vizuri ndiyo inayovamia kwa urahisi. Sphagneticola trilobata, inayojulikana zaidi kama wedelia, hupandwa bustanini kwa majani yake yanayong'aa na maua ya njano. Asili yake ni Amerika ya tropiki, na imo katika orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Kipande kimoja kinachotupwa mtoni huota mbali na bustani ya mwenyewe. Nyasi za Kikuyu nazo, ambazo kwao ni malisho ya kawaida, zimo kwenye orodha ya magugu hatari ya serikali ya Marekani. Mabaki ya mimea inayotambaa hukaushwa juani mpaka yafe, kisha hutiwa kwenye mboji, na hayatupwi kwenye mfereji wa maji ya mvua.